SOKO LA UTANGAZAJI: KIJANA WA MBULU NA HANANG AANZIE WAPI?

Mzazi wa Mbulu au Hanang anayetaka kuuza ng'ombe ili mwanawe asomee utangazaji wa televisheni hana budi kulipima soko kwanza. Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994, na hadi leo studio nyingi kubwa ziko Dar es Salaam, ambako wanaotafuta nafasi ni wengi kuliko viti.

Karo haikwepeki. Kanuni za mwaka 2017 ziliweka stashahada kuwa elimu ya chini ya mwandishi wa habari. Hata hivyo, cheti peke yake hakiuziki. Marehemu Julius Nyaisanga alijenga jina Radio Tanzania kabla ya kuhamia Radio One. Redio ni shule ya gharama nafuu, na Mbulu inayo Radio Habari Njema.

Tope la Mlima Hanang lilipofunika sehemu za Katesh, Desemba 3, 2023, kamera nyingi zilitoka mbali. Kijana anayezijua njia za huko, bei ya vitunguu saumu vya Mbulu na ngano ya Basotu, tena anasema Kiiraqw au Kidatoga, ana mtaji usiouzwa chuoni. Aanze na uripota wa wilaya. Kiti cha studio akiwanie baadaye.