Je, Wajua? Midoli ya Wasanii, Kuanzia Udongo Hadi Mnadani

Je, wajua kwamba Labubu, yule kiumbe mwenye masikio ya sungura na meno tisa anayening'inia siku hizi kwenye mikoba duniani kote, alitoka kwenye kalamu ya mtu mmoja? Kasing Lung, mzaliwa wa Hong Kong aliyekulia Uholanzi, alimtoa mwaka 2015 katika vitabu vyake vya picha, akichota kwenye ngano za nchi za kaskazini mwa Ulaya. Midoli yake ya mwanzo ilitolewa na How2Work, kampuni ya hapohapo Hong Kong. Kampuni ya midoli ya Pop Mart, ya Beijing, iliingia mkataba naye mwaka 2019. Juni 2025, Labubu mwenye kimo cha sentimita 131 alipigwa mnada Beijing kwa yuan milioni 1.08. Bei hiyo ilisambaa kila kona. Jina la Lung halikusambaa kiasi hicho, na kwangu mimi hapo ndipo habari yenyewe ilipoachwa njiani. Mdoli wa kisanaa ni kazi ya mtu mwenye jina, aliyeuwaza, akaufinyanga, na mara nyingi akaumimina na kuupaka rangi kwa mkono wake.

Je, wajua kwamba mmoja wa waasisi wa sanaa hii alianza kwa kumvua askari sare? Mwishoni mwa miaka ya 1990, Michael Lau wa Hong Kong alichukua midoli ya askari ya G.I. Joe yenye kimo cha inchi 12, akaichongea vichwa vipya, akaishonea suruali pana, akaichora chale, akaivisha hereni na raba, kisha akaikabidhi mbao za kuteleza zenye magurudumu. Kundi hilo aliliita Gardener. Mwaka 1999 alionyesha midoli karibu 100 mjini kwake, na kila mmoja ulikuwa na sura yake, nguo zake na tabia yake. Vijana wa mtaani, ambao hakuna kiwanda kilichowahi kuwatengenezea mdoli, walijiona wamesimama rafuni.

Haikuwa bahati kwamba jambo hili lilitokea Hong Kong. Viwanda vilivyokuwa vikitengeneza vichezeo vya dunia nzima vilikuwa ng'ambo tu ya mpaka, mkoani Guangdong, na mafundi wa kalibu, rangi na plastiki walifikika kwa safari fupi ya treni.

Je, wajua kwamba upande wa Japani kazi hii iliingilia mlango wa duka la nguo? Bounty Hunter, duka la mtaa wa Harajuku mjini Tokyo, lilitoa mdoli wake Kid Hunter mwaka 1997, ukiwa na sura ya wale wahusika wanaochorwa kwenye maboksi ya nafaka za kifungua kinywa za Marekani. Miaka miwili baadaye duka hilohilo lilishirikiana na kijana mmoja wa Marekani aliyezoea kuchora juu ya mabango ya matangazo barabarani. Mdoli wao uliitwa Companion, zikatolewa nakala 500. Kijana huyo ni KAWS. Mwaka 2019 mchoro wake mmoja uliuzwa na Sotheby's mjini Hong Kong kwa dola za Marekani milioni 14.8, na mwaka huohuo Companion wa kujazwa upepo, mwenye urefu wa mita 37, alilala chali juu ya maji ya bandari ya Victoria.

Je, wajua kwamba wachoraji wakubwa walikuwa wakitengeneza midoli kabla hata plastiki haijaenea? Mwaka 1916 Paul Klee alimpa mwanawe Felix, aliyekuwa akitimiza miaka 9, vikaragosi vinane vya kuvaa mkononi. Aliendelea navyo hadi 1925, vikafika takribani 50, na 30 kati ya hivyo vipo hadi leo. Vichwa alivitengeneza kwa plasta, mifupa ya ng'ombe, soketi za umeme na vibiriti vitupu. Mara nyingi nimezitazama picha za vikaragosi hivyo, na kinachonivuta ni kwamba hakuna hata kimoja kilichofanywa ovyo kwa kuwa tu ni cha mtoto: macho yamepakwa kwa uangalifu, na nguo zimeunganishwa kwa vipande vilivyochaguliwa rangi kwa rangi.

Mwenzake Alexander Calder, aliyesomea uhandisi wa mitambo kabla ya kugeukia sanaa, alitengeneza sarakasi nzima mjini Paris kati ya 1926 na 1931. Simba, wanasarakasi na farasi wote waliundwa kwa waya, vizibo, vitambaa na kamba. Alikuwa akiipakia kwenye masanduku ya safari na kuichezesha mbele ya marafiki akiwa amepiga magoti sakafuni. Leo imehifadhiwa na jumba la makumbusho la Whitney, New York. Msomaji uliyewahi kukunja waya hadi ukapata gari lenye usukani mrefu wa kusukumia, lenye magurudumu yanayopinda kweli, kazi ya Calder utaielewa upesi kuliko wahakiki wengi.

Je, wajua kwamba ile midoli laini ya Kijapani iitwayo sofubi huvutwa kutoka kwenye chuma ikiwa bado ya moto? Hapa tukae kidogo, maana ufundi wenyewe ni wa kuheshimiwa. Msanii hufinyanga sura kwa udongo, kisha hutolewa nakala yake ya nta. Nta hiyo huzamishwa kwenye maji ya kemikali yenye umeme, na chembe za shaba huiganda taratibu mpaka zikafanya ukuta. Nta ikiyeyushwa na kumwagwa, kinachobaki ni kalibu ya chuma isiyo na mshono: kipande kimoja, chenye tundu moja tu juu.

Ndipo humiminwa vinili ya majimaji. Kalibu hutumbukizwa kwenye mafuta ya moto, na vinili iliyogusa chuma hushika pembeni kama ukoko wa wali kwenye sufuria, huku ya katikati ikibaki majimaji. Fundi humwaga hiyo ya katikati, hurudisha kalibu kwenye moto, huipoza kidogo, kisha huingiza koleo na kuvuta. Mguu mnene hupita kwenye tundu jembamba, ukijikunja na kunyooka tena. Akichelewa, vinili imeshakauka na haitoki, akiwahi, inachanika. Wapo mafundi waliozeekea kwenye mvuto huo mmoja, wengi wao katika karakana ndogondogo za wilaya ya Katsushika, Tokyo. Kwa kuwa vinili husinyaa ikipoa, msanii hulazimika kufinyanga sura kubwa kuliko anayoitaka.

Sofubi ilichukua nafasi ya seluloidi, ambayo ilikuwa ikishika moto kirahisi mno kuwa mikononi mwa watoto. Mwaka 1966 kampuni ya Marusan ilitoa Godzilla wa vinili, na baadhi ya watoto waliomchezea ndio waliokuja kuwa wasanii wa midoli.

Je, wajua kwamba si lazima uwe na kiwanda wala mafuta ya moto? Wengi wanaofanya kazi hii peke yao hutumia resini, meza moja na dirisha lililo wazi. Sura iliyofinyangwa huzungushiwa kuta za ubao au plastiki, kisha humwagiwa silikoni ya majimaji. Ikishaganda, hukatwa kwa kisu na kupatikana kalibu laini ya pande mbili. Fundi huipaka unga wa poda ndani ili resini iteleze hadi kwenye ncha za vidole na masikio. Halafu huchanganya chupa mbili, A na B, kwa vipimo sawa. Hapo saa inamkimbiza: zipo resini zinazompa dakika tatu tu za kuchanganya na kumimina. Majimaji yaliyokuwa angavu huanza kupata moto yenyewe, wingu jeupe hutokea katikati, na ghafla kitu chote kimekuwa cheupe na kigumu. Baada ya dakika kama kumi, kalibu hufunguliwa.

Adui mkubwa ni kiputo cha hewa. Kinaweza kula pua nzima. Ndiyo maana wanaojiweza hununua chungu cha mgandamizo, ambamo hewa iliyosindiliwa huvibana viputo mpaka visionekane tena. Asiye nacho hutumia kijiti cha meno kuvitoboa, na uvumilivu.

Je, wajua kwamba udongo usiofaa unaweza kuharibu kalibu nzima? Baadhi ya udongo wa mafuta wa kufinyangia una salfa, na salfa huizuia silikoni ya aina ya platini isigande. Glavu za mpira nazo hufanya hivyohivyo. Fundi asiyejua hukuta ute unaonata mahali alipotarajia kukuta kalibu, na silikoni si bidhaa ya bei rahisi. Kalibu iliyo nzima nayo haidumu: baada ya nakala makumi kadhaa huanza kuchanika kwenye pembe. Kwa hiyo, msanii wa resini anapotoa nakala 20 au 30 tu, mara nyingi si ujanja wa kupandisha bei. Kalibu imechoka.

Je, wajua kwamba Japani kuna tamasha ambalo leseni yake hudumu siku moja? Ni Wonder Festival, lililoanza miaka ya 1980 na sasa hufanyika mara mbili kwa mwaka katika kumbi za Makuhari Messe, Chiba. Mtu binafsi aliyechonga mhusika wa katuni ya kampuni kubwa huomba ruhusa kupitia waandaaji, na akikubaliwa huuza nakala zake kihalali siku hiyo, ukumbini humo. Jua likizama, ruhusa imekwisha. Sijaona utaratibu mwingine unaowaweka meza moja mwenye haki na shabiki mwenye kipaji bila mmoja kumdhulumu mwenzake, na natamani wenye katuni wengi zaidi wauige.

Kaiyodo, kampuni iliyolisimamia tamasha hilo kwa muda mrefu, ilianza mwaka 1964 mkoani Osaka kama kiduka cha mita za mraba tano hivi. Inasimuliwa kwamba mwanzilishi wake, Osamu Miyawaki, aliposhindwa kuamua kati ya kuuza tambi na kuuza vifaa vya modeli, alisimamisha upanga wa mbao na kuacha uangukie upande utakao.

Je, wajua kwamba Be@rbrick, mdoli wa dubu wa kampuni ya Medicom Toy aliyeanza mwaka 2001, hupimwa kwa asilimia? Yule wa asilimia 100 ana kimo cha sentimita 7. Wa asilimia 1000, sentimita 70.

Je, wajua kwamba upo mdoli unaouzwa bila sura? Munny wa kampuni ya Kidrobot ya Marekani ni mweupe mtupu, na mnunuzi ndiye humchora, humkata, humwongezea pembe au mkia. Wasanii kadhaa wa leo walijaribia mkono wao juu yake.

Je, wajua kwamba bandia za Labubu zimeshapata jina lao wenyewe? Huitwa Lafufu. Mara nyingi hutambulika kwa idadi ya meno isiyo sahihi. Kwa kazi za wasanii wadogo kinga ni nyingine: wengi huandika sahihi kwa mkono chini ya unyayo, pamoja na namba, tuseme 7/30, yaani nakala ya saba kati ya thelathini. Ukinunua, geuza unyayo kwanza. Na ukimwona msanii anauza nakala chache kwa bei inayokushtua, kumbuka msasa uliopitishwa kwenye kila mshono, tabaka za rangi zilizosubiriwa zikauke, na nakala zilizotupwa kwa sababu ya kiputo kimoja.

La mwisho ni la usalama, na nalisema kwa msisitizo. Resini ya majimaji ya chupa mbili niliyoieleza ina kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo zinaweza kumsababishia fundi pumu, na vumbi la kuipiga msasa halifai kuvutwa. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Inatakiwa ile yenye vichujio vya kemikali, pamoja na glavu zisizo za mpira, na hewa inayopita. Usimimine resini kwenye chumba mnacholala, wala jikoni. Mdoli uliokwisha kutengenezwa nao usimpe mtoto anayetia vitu mdomoni, hata kama unapendeza kiasi gani: wengi wa wasanii hawa huandika wazi kwenye boksi kwamba ni kwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea.