Neno la Siri na Sharti Lake

Msafiri apitaye Ibadakuli, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, huona nguzo zilizosongamana kwenye kituo kipokeacho njia kuu ya umeme itokayo Iringa kwa kupitia Dodoma na Singida, wala hapana astaajabuye kuona kituo kile kimezungushiwa ua na kuwekewa walinzi. Lakini kanzidata, yaani daftari la zama zetu, ambamo mna majina ya wateja, mishahara ya wachimba migodi na hesabu ya gramu za dhahabu zilizouzwa, haina ua uonekanao kwa macho. Amana yote hiyo imewekwa chini ya neno la siri la kila aliyepewa idhini ya kuifungua.

Maofisi mengi hutosheka na waraka wa masharti ya neno hilo uliobandikwa ukutani. Dawa iliyo bora ni kuiamuru kanzidata yenyewe ikatae neno dhaifu. Programu mashuhuri ya MySQL, kwa mfano, ina kipimo ambacho, kikiachwa kama kilivyo, hutaka herufi zisizopungua 8, ziwemo kubwa na ndogo, tarakimu na alama. Sharti hilo lina sura nzuri kuliko nguvu zake: «Shinyanga@2025» hupita bila pingamizi, hali mwizi atalibahatisha mapema; na «kwato dirisha ubuyu mlizamu», lililo gumu mno kubuniwa, hukataliwa kwa kukosa herufi kubwa na tarakimu. Bill Burr, Mmarekani aliyeandika mwaka 2003 mwongozo ulioeneza kanuni za namna hii, alikiri mwaka 2017 kwamba anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika.

Basi yafaa hesabu ya herufi kubwa na ndogo, tarakimu na alama ishushwe hata sifuri, urefu upandishwe hadi 16, na kipimo kiwekwe katika daraja lake la juu, ambalo husoma orodha ya maneno yaliyoharamishwa. Orodha hiyo huja tupu, hujazwa na mwenyeji ajuaye kwamba watu wake hupenda timu za Simba na Yanga na majina ya watoto wao. Naye akiandika «yanga» tu, kwa kuwa programu hutazama hata kipande cha neno, Shinyanga nayo hunaswa, jambo ambalo mashabiki wa Simba hawatalichukia.

Kipimo hiki, hata hivyo, hukagua neno siku linapowekwa tu. Yaliyotangulia hubaki salama salimini na udhaifu wake. Kwa hiyo, enyi wasimamizi, siku mtakapoweka sharti jipya, batilisheni maneno yote ya zamani, na mfunge akaunti za waliokwisha kuacha kazi.