Kupooza kwa Gafula: Si Ulozi

Koko ameamka vizuri. Anawasha moto, anataka kuinua sufuria ya sombe, mukono wa kuume unakataa. Kinywa kimepinda. Anataka kusema, maneno yanatoka ovyo. Nyumbani watu wanaanza kuulizana: nani amemuroga? Mama, saa ile munatafuta mulozi, njo saa ubongo wake unakufa.

Damu inapita katika mishipa sawa maji katika mupira. Kipande kidogo cha damu iliyoganda kikiziba mushipa wa ubongo, sehemu ya mbele inakosa hewa, na kwa dakika chache inaanza kufa. Mara zingine mushipa hauzibiki, unapasuka. Dalili zinafanana lakini dawa si moja. Kwa hiyo usimupe aspirini nyumbani.

Umuambie acheke, ainue mikono yote miwili, ataje jina la mutoto wake. Kama hata kitu kimoja kimemushinda gafula, mumupeleke hospitali mara moja, hata usiku. Shika saa ilipoanza, munganga ataiuliza. Umulalishe kwa ubavu. Usimupe maji, wala uji, wala dawa ya miti: koo inaweza kupooza pia, na vitu vitaingia katika mapafu. Kumuchanja hakufungui mushipa. Na kama dalili zimeisha nyuma ya nusu saa, usifurahi upesi. Kuja naye siku ile ile, kwani kupooza kukubwa kunaweza kufuata.

Iko dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini inafaa kama masaa 4 na nusu hayajapita, na kwanza wapige picha ya ubongo kwa mashini ya skana. Hospitali nyingi za vijijini hazina mashini ile. Kuja tu! Tutapima sukari (sukari ikishuka sana inaweza kufanana na kupooza, na ile inapona upesi), tutalinda pumuzi, tutamugeuza asipate vidonda, tutazoeza muguu kutembea tena.

Mara nyingi chanzo ni tansio. Haiumi, njo ubaya wake. Watu wanakunywa vidonge mwezi moja, wanajisikia vizuri, wanaacha! Sukari, tumbako na ugonjwa wa moyo vinaleta kupooza pia.

Wala si wazee tu. Mama wa mimba mwenye tansio, akiumwa kichwa sana ao macho yakiona giza, asingoje siku ya kiliniki. Na mutoto mwenye ugonjwa wa damu SS anaweza kupooza angali mudogo: akianza gafula kuburuta muguu, umubebe, ukuje.