Vijana waijenga tena Majengo

Ndugu msomaji, Majengo ni jina linalotokana na kazi. Waliotutangulia, walipoanza kuhamia huko kutoka Mji wa Kale na bara katika miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, walichimba misingi, wakafunga fito, wakakandika udongo na kuezeka makuti. Wakaacha nyumba zile tuzijuazo sote: vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma na baraza mbele. Kukandika nyumba hakukuwa kazi ya mtu mmoja. Vijana wa mtaa walialikwa, wakaponda udongo kwa miguu, jioni wakala siniya moja na mwenye nyumba. Mtaa ukajengwa hivyo.

Leo napenda tuzungumze juu ya vijana wanaoijenga Majengo mara ya pili. Hawa hawakandiki udongo. Wanazibua mitaro, wanasomesha watoto na kugawa futari, wala hawalipwi.

Kuna wanaodhani kujitolea ni mtindo wa kigeni ulioletwa na mashirika yenye magari makubwa. La hasha! Mtu akifa Mombasa alfajiri, aghalabu huwa amezikwa kabla jua halijatua. Ni nani aliyechimba kaburi? Ni vijana, na sijapata kusikia mmoja wao akidai ujira. Chuoni tulifunzwa kwamba kumzika maiti ni fardhi kifaya: wakitimiza wachache, wote wamesalimika, wakiacha wote, wote wana dhambi. Tulifunzwa pia kwamba kuondoa kitu cha kudhuru njiani ni tawi moja la imani. Basi anayezoa taka kwenye mtaro yumo katika ibada, hata kama kanzu yake haikupigwa pasi.

Kina mama nao walikuwa mbele. Vyama vya lelemama vilivyovuma mjini humu havikuwa vya ngoma tu. Wanachama walisaidiana katika harusi na misiba, wakazoea kuchanga pesa na kuchagua viongozi wao. Katika miaka ya 1950 ndani ya vyama hivyo mlitoka vyama vya wanawake wa Kiislamu vilivyoshughulikia elimu na maendeleo. Kwa hivyo msichana wa leo anayeandikisha watoto wa tusheni katika ukumbi wa madrasa anafuata nyayo za bibi yake.

Lakini haki isemwe, vijana wa siku hizi wana mzigo ambao babu zao hawakuubeba. Tarehe 2 Februari 2014 polisi waliuvamia Msikiti Musa, papo hapo Majengo, roho zikapotea, na vijana zaidi ya 100 wakatiwa mbaroni. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo misikiti mingine ya Mombasa ikapekuliwa. Sitaki kufukua ya makaburini. Ninalotaka kulisema ni kwamba tangu hapo jina zuri la mtaa limekuwa kama doa. Kijana aendaye kutafuta kazi huulizwa anakaa wapi, naye husita kabla ya kujibu. Na doa la pili ni la unga na muguka. Mwezi wa Mei 2024 Gavana Abdulswamad Shariff Nassir alitoa amri ya kupiga marufuku muguka katika kaunti ya Mombasa, na siku chache baadaye mahakama ikaisimamisha amri hiyo. Wakubwa wakabaki wakishindana kortini, na watoto wakabaki barazani.

Ni katika hali hiyo ndipo inapofaa kuitazama kazi ya vijana hawa. Jumapili moja kabla ya masika nilipita kichochoro kimoja nikawakuta kama kumi na wanane hivi, wana majembe, magunia na mkokoteni wa kuazima. Ni vijana wa maskani moja, wale wale ambao sisi wazee tukipita jioni hugeuza nyuso. Tangu serikali ipige marufuku mifuko ya plastiki mnamo Agosti 2017, mitaro imepata nafuu kidogo, lakini chupa na nepi zimeshika zamu. Mvua ikinyesha, maji hukosa njia, huingia ukumbini mpaka chini ya vitanda.

Nikamwuliza mmoja, mwanangu, nani amewatuma?

"Hatukutumwa, ami," akanijibu bila kuacha jembe. "Maji yakiingia hayachagui nyumba ya mtu."

Nikamwuliza taka hizi zitakwenda wapi. Akacheka. Akasema wiki iliyopita walizikusanya pale pembeni wakangoja gari, gari halikuja, kuku na paka wakazirudisha mtaroni.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo penye kiini cha neno langu. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la uzoaji wa taka. Kijana anaweza kuzibua mtaro kwa mikono yake, lakini hawezi kuzipeleka taka mpaka jaa la Mwakirunge kwa mkokoteni. Kujitolea kwake ni kuongeza juu ya wajibu wa wenye madaraka, si kuwapunguzia. Tukimpigia makofi tukanyamaza hapo, tutakuwa tumegeuza fadhila yake kuwa kazi ya bure.

Tukumbuke pia mwaka 2020. Mwezi wa Mei, Ramadhani ikiendelea, serikali iliufunga Mji wa Kale kwa sababu ya korona, hapana kutoka wala kuingia, na amri hiyo ikaendelea mpaka mwanzo wa Juni. Hamali bila gati na muuza kahawa bila wanywaji atafuturu nini? Wakati kama huo mtaa hauokolewi na hotuba, bali na anayejua mlango gani una mjane na mlango gani una mgonjwa. Ni wenyeji wajuao hayo, khaswa vijana.

Wala kazi ya kujitolea haifi ikitunzwa. Jumuiya ya MEWA ilianza hapa Mombasa katika miaka ya 1980 kwa watu waliojitolea kwa ajili ya elimu na ustawi wa Waislamu. Leo inajulikana kwa maktaba, hospitali na kituo cha kuwatibu walionaswa na madawa ya kulevya. Mwaka 2016 ikazaliwa Swahilipot Hub, karibu na Ngome ya Yesu, ambako vijana hukutana kwa mambo ya kompyuta, sanaa na redio. Siri ya kazi kama hizi ni kuwa na mahali, daftari na watu wanaoaminiana.

Basi nina maneno mawili. La kwanza ni kwa wazee wenzangu. Kuna kumbi na vyumba vya madrasa ambavyo hufungwa tangu asubuhi hadi alasiri, na funguo ziko mifukoni mwetu. Kijana akija kuomba chumba cha kusomesha hesabu, tusimuulize kwanza kama ana kofia. Zamani kijana alikandika nyumba akala siniya moja na mwenyewe, kisha akatafutiwa kazi na mchumba. Leo tunapokea jasho lake, na tunamrudishia shaka.

La pili ni kwa vijana. Mchango wa shilingi kumi ni amana kama wa milioni. Andikeni kilichoingia na kilichotoka, mkibandike ukutani wote wakisome. Na mkija kuombwa na mwanasiasa mvae fulana zake mkizoa taka, mwambieni mtaro hauna chama.

Haya, nami nichangie kwa nilichonacho:

Vijana wetu vijana, msiyawate majembe,
Mtaa mkikutana, kwa usafi muupambe,
Na wazee kila kona, kwa maneno wasitambe,
Mji hujengwa na wana, wazazi wakiwa nyuma.