Ngeli za virusi: Somo kutoka zizi la mbuzi Burat

WIKI iliyopita nilikuwa Burat, Kaunti ya Isiolo, nikikusanya majina ya maradhi ya mifugo. Mzee mmoja alinipeleka zizini kwake. Mbuzi walikuwa wakikohoa, makamasi yanawatiririka.

"Profesa, hawa nimewadunga dawa mara tatu," akasema. "Vijana wananiambia ni virusi. Sasa hii virusi ni mdudu gani hasikii dawa?"

Swali hilo lina sehemu mbili: ya lugha na ya sayansi.

Tuanze na lugha. Neno virusi chimbuko lake ni Kilatini, ambako lilimaanisha sumu. Kwa kuwa linaanza na vi-, Kiswahili kimelivuta hadi ngeli ya KI-VI: virusi hivi vinaambukiza. Wapo waliokwenda mbele wakaunda umoja, kirusi. Si ajabu. Ki- ya kitabu ni sehemu ya neno lenyewe katika Kiarabu, lakini sisi tuliifanya kiambishi tukapata vitabu. Wengine, kama mzee wangu, husema virusi hii. Anayependelea kirusi achunge tu herufi ya kwanza, maana Kirusi ni lugha ya Warusi!

Sasa sayansi. Virusi si wadudu, wala si bakteria. Bakteria ni seli kamili: hujilisha, hukua, hujigawa. Virusi ni chembe za urithi zilizofungwa ndani ya ganda la protini. Baadhi huwa na utando wa mafuta juu yake. Vikiwa nje ya seli havizaani. Vikishaingia, huiteka seli na kuilazimisha itengeneze nakala zake. Antibiotiki hushambulia viungo na mitambo ya bakteria. Virusi havina mitambo hiyo, basi dawa inakosa pa kushika.

Je, huainishwaje? Kosa la kawaida ni kuviainisha kwa dalili. Ni kama kupanga nomino kwa sura. Kiboko na kitabu zote zinaanza na ki-, lakini twasema kiboko huyu, kitabu hiki. Kinachoamua ngeli ni upatanisho. Kwa virusi, "upatanisho" ni chembe za urithi. Mnamo 1971, Mmarekani David Baltimore alipendekeza vipangwe kwa kuangalia kama urithi ni DNA au RNA, kama una uzi mmoja au miwili, na jinsi unavyozalisha ujumbe wa kutengenezea protini. Leo makundi hayo ni saba. Sambamba na hayo, kamati ya kimataifa iliyoanzishwa 1966 huvipanga kwa familia, jenasi na spishi, jinsi tunavyopanga ukoo.

Tutazame Isiolo yenyewe. Ndui ya ngamia ni virusi vya DNA, ndugu wa ndui ya binadamu iliyotangazwa kutokomezwa 1980. Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa karibu na Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930, ni virusi vya RNA vinavyosambazwa na mbu. Iliripotiwa Isiolo kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2021. Mtu huweza kuipata akishika kwa mikono mitupu kondoo aliyeharibu mimba, au akichinja mnyama mgonjwa. Maziwa nayo yachemshwe.

Kisha kuna sotoka ya mbuzi na kondoo. Hiyo pia ni RNA, na jenasi yake ni moja na ya surua ya watoto wetu na sotoka ya ng'ombe. Undugu huu si wa vitabuni tu. Chanjo ya sotoka ya ng'ombe, aliyoitengeneza Walter Plowright kule Muguga, ilitumika kwa miaka mingi kuwakinga mbuzi pia, kabla hawajapata chanjo yao. Sotoka ya ng'ombe ilionekana mara ya mwisho 2001 miongoni mwa nyati wa Mbuga ya Meru, jirani na Isiolo, na mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba imetokomezwa. Ile ya mbuzi bado ipo.

Turudi zizini. Mbuzi anayekohoa na kutokwa na makamasi anaweza kuwa na sotoka, au homa ya mapafu ya mbuzi, ambayo husababishwa na bakteria wa kundi la mikoplasma. Hawa hawana ukuta wa seli, kwa hivyo penisilini haiwawezi, ila antibiotiki nyingine huwaweza zikitumiwa mapema. Kwa macho, magonjwa haya mawili huchanganya hata waliobobea. Ni sampuli na maabara vinavyotoa jibu.

Nilimsihi mzee amwite daktari wa mifugo kabla ya kununua chupa ya nne. Akauliza, "Na wale hawajaanza kukohoa?" Nikamjibu awatenge leo leo na aulizie chanjo, kwani dozi moja ya sotoka huwakinga kwa miaka kadhaa, lakini haimponyi aliyekwisha ugua. Alinyamaza kidogo, kisha akamtuma mjukuu wake akafungue zizi la pili.