Tablo ya Gari: Kuishusha na Kuirudisha (Sehemu ya 2)

Munigi, kaskazini mwa mji wa Goma, imekaa juu ya mawe ya volkano. Tarehe 17 Januari 2002 mipasuko ya Nyiragongo ilishuka hadi karibu nayo, lava ikateremka mjini, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia Ziwa Kivu. Leo magari yanapita juu ya mawe hayo hayo, yakitikiswa kutwa nzima, na vumbi jeusi likipenya kila tundu. Haishangazi kwamba dashibodi, au tablo, huanza kugongagonga.

Plastiki yenyewe si kitu. Nyuma yake kuna boriti ya chuma inayoshika usukani, mabomba ya hewa baridi na ya moto, redio, na fungu la waya linalofika karibu kila pembe ya gari. Ndiyo maana kazi ya kuishusha tablo haianzi na bisibisi. Inaanza na betri.

Waya wa hasi ukichomolewa, fundi asubiri. Miongozo ya Toyota hutaka angalau sekunde 90, kwa kuwa mfumo wa mifuko ya hewa huhifadhi umeme kwa muda hata betri ikikatwa. Plagi zake kwa kawaida ni za manjano. Haziguswi kwa kipima umeme. Mfuko ukishatolewa huwekwa mahali pa peke yake, uso wake ukitazama juu, ili ukifyatuka kwa bahati mbaya usirushwe angani.

Kisha magurudumu yanyooshwe kabla ya usukani kutoka. Chini yake kuna waya uliokunjwa kama konokono. Ukizungushwa kupita kiasi, hukatika.

Baada ya hapo ni kazi ya subira: kuvua mapambo ya pembeni, kutoa kisanduku cha mbele ya abiria, redio, saa za mwendo, halafu bolti za boriti. Bolti za kila hatua zitiwe kwenye kopo lake, na kila plagi ipigwe picha kwa simu kabla ya kuchomolewa. Klipu za plastiki zilizozeeka kwa jua huvunjika zikivutwa kwa nguvu, na hizo ndizo huzaa kelele mpya.

Kurudisha ni kufuata njia ile ile kinyumenyume, ila kwa jicho kali zaidi: waya uliobanwa kati ya boriti na bodi unaweza kuchubuka na kuunguza fyuzi baada ya wiki chache za mashimo.

Betri ikirudishwa, taa ya mfuko wa hewa huwaka sekunde chache kisha huzimika. Isipozimika, gari lisitoke gereji. Huenda ipo plagi iliyosahauliwa.

Sehemu ya 3: kuhamisha usukani wa gari la Japani kutoka kulia kwenda kushoto.