Wino mweusi: tufunike jina la mutu, hapana hesabu ya makuta

Mara nyingi delege wa sendika anapokea mukanda kutoka kwa wakubwa wa kazi, na katikati ya mistari kuko sehemu zimepakwa wino mweusi. Kifaransa kinaita ile kazi « caviarder ». Neno linatoka ku caviar, yale mayai meusi ya samaki. Ku Urusi, wakati wa mfalme Nicolas wa Kwanza, wakaguzi wa serikali walikuwa wanafunika maneno ya magazeti kwa wino mweusi.

Kufunika haiko mubaya kila mara. Wino ni wa kuchunga mutu, hapana wa kuficha makuta.

Tuangalie kontra za mine. Decret ya 20 Mei 2011 inaamuru kila kontra ya mali ya asili itangazwe ndani ya siku 60 kisha kuanza kutumika. ITIE nayo inaomba kontra zote kuanzia 1 Januari 2021 zitoke nzima, pamoja na annexes. Juu ya nini inatuangalia siye? Code minier ya 2018 inapatia commune, secteur ao chefferie yenye mine 15% ya redevance. Tena compagnie inapashwa kutoa angalau 0,3% ya chiffre d'affaires kwa maendeleo ya wenyeji. Kama hesabu imefunikwa, mama wa mutaa atajua namna gani kama makuta ya masomo na ya maji ilifika?

Sasa mikanda yetu wenyewe. Tuseme watumikaji wane wanaandika plainte juu ya vumbi ku concasseur. Mbele ya kuipeleka inje, tufunike jina, matrikule, numero ya telefone, sinyatire, na maneno ya munganga. Tuache wazi tarehe, fasi, masaa ya kazi na hesabu ya wagonjwa, sababu ile njo ushuhuda. Angalisho: ukiandika « mama pekee anayeendesha camion usiku », umekwisha kumutaja hata kama jina halionekane.

Namna ya kufanya:

1. Usiguse mukanda wa kwanza. Uchunge fasi ya salama, fanya kazi ku fotokopi.

2. Paka marker, kisha piga fotokopi ya ile uliyopaka. Ile ya marker ukiinua ku jua, maneno yanaonekana.

3. Ku telefone na ku ordinateur, kuweka kibox cheusi juu ya maneno haitoshe. Mu Januari 2021 Commission ya Ulaya ilitangaza kontra yake ya chanjo na AstraZeneca. Watu walisoma sehemu zilizofunikwa, sababu maneno yalibakia ndani ya PDF. Piga ku karatasi, paka, fotokopi, scan upya.

4. Andika pembeni juu ya nini ulifunika: « jina la mutumikaji ».

Na wakati wakubwa wanawaletea karatasi nyeusi, musirudi nyumbani kimya. Ulizeni kwa barua yenye accusé de réception: mulifunika nini, na sheria gani inawaruhusu? Mwenye kuchunga mutu atajibu mbio. Mwenye kuficha makuta atatafuta maneno.